Nusu ya Kila Mstari

Brunswick, Melbourne
Jumatatu, 7 Machi 1949

Dada yangu Zlata,

Nakusalimu kwa moyo wote, na natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na jiko, si kitandani. Je, makaa bado mnagawiwa hapo kwenye kambi ya wakimbizi, au mmerudia kuchoma vitanda vya watu waliohama? Je, viatu nilivyokutumia vilikutosha, au uliviuza? Kama uliviuza sikulaumu. Mimi ni mzima. Miguu huvimba jioni kwa kusimama, na mkono wa kulia una alama mpya ya mvuke, lakini nakula mara tatu kwa siku, na huku hata mpiga pasi hula nyama katikati ya wiki. Chumba changu kina dirisha. Joto limeanza kupungua, na jirani yangu Bibi Doyle amenipa blanketi la pili kabla sijaliomba.

Nianze na la furaha. Kibali chako cha kuingia nchi hii kimo ndani ya bahasha hii, kimepigwa muhuri, na jina lako limeandikwa bila kosa. Meli ni ya mwezi wa sita. Lakini ndani ya bahasha utakuta pia karatasi ya pili, imeandikwa kwa herufi zetu, ina sahihi mbili. Hiyo usiipe mtu mwingine. Soma barua yangu mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe juu ya karatasi zote mbili, kwa sababu mimi nimeshakuamulia mara moja na nimekukosea.

Nitaeleza polepole. Unajua kuandika si kazi yangu.

Kiwanda ninachofanya kazi ni cha kufuma sweta. Tuko watu kumi na wanane. Mwenye kiwanda anaitwa Anshel Waintraub, mzaliwa wa kijiji kilicho nusu siku kwa gari la farasi kutoka kwetu. Ana miaka sitini, mgongo umepinda kwa mashine, na huvaa kofia ile ile kazini na sinagogi. Alifika hapa kabla ya vita akiwa peke yake, akitafuta mahali pa kuwaleta mke na wanawe watatu. Hawakuwahi; vita viliwamaliza huko. Mfuko wa jumuiya ya Wayahudi wa hapa ulimkopesha bila riba akanunua mashine mbili akaziweka jikoni, na anasimulia kwamba wazee wa mfuko hawakumuuliza ana mali gani ya kuweka rehani. Walimuuliza ni nani atakayemsomea. Nawe unajua walimaanisha nini.

Siku ya Sabato mlango wetu una komeo, hata wanunuzi wa mjini wakituma gari. Jumapili tunafanya kazi mapazia yamefungwa, kwa sababu mkaguzi wa serikali hapendi. Beynish, fundi wa mashine, mtu wa Lodz asiyeamini chochote isipokuwa chama cha wafanyakazi, husema Waintraub ndiye tajiri pekee duniani anayemwogopa Mungu siku sita na polisi siku ya saba. Waintraub humcheka. Ni mtu mwema, Zlata. Nataka ulijue hilo kabla sijafika mbele. Mfanyakazi akiugua humpelekea mchuzi kwa mkono wake. Nilipoungua alinifunga kitambaa yeye mwenyewe, huku akinigombeza kama mama.

Siku moja, baada tu ya sikukuu za mwaka mpya wetu, aliniita ofisini. Alinipa chai ya limau na samaki wa chumvi, akaniuliza kama ni kweli mimi ni mwana wa yule msomi, Reb Naftali. Nikasema ndiyo. Alisimama, Zlata. Alisimama mbele yangu mimi, mpiga pasi, kwa heshima ya baba. Akasema alipokuwa kijana alitembea kwa miguu siku nzima ya baridi kumsikiliza baba akisoma, hakuelewa hata neno moja, akarudi nyumbani amejaa kama mtu aliyekula.

Kisha akanieleza haja yake. Wewe unayajua mapatano ya nusu kwa nusu kuliko mimi. Watu wetu huyaita kwa majina ya wana wawili wa Yakobo, yule aliyekwenda baharini kuuza na yule aliyebaki hemani kusoma. Mfanyabiashara humpa msomi nusu ya anachopata, na msomi humpa mfanyabiashara nusu ya thawabu ya kila anachosoma, ili siku watakapofika mbele ya Mungu kila mmoja ahesabiwe kuwa amefanya yote mawili. Utakumbuka yule tajiri wa mbao alivyomwomba baba mapatano hayo, mwaka ule tuliopika maganda. Baba alikataa. Alisema mkate wake anaweza kuugawa na mtu yeyote, lakini neno ukilikata katikati halibaki neno.

Waintraub alikuwa na msomi wake huko kwetu, na msomi alikwenda na wengine wote. Aliniambia tangu hapo anauza na kununua kama mtu anayetembea kwa mguu mmoja. Sweta zinatoka, fedha inaingia, naye usiku hawezi kujibu zinatoka kwa ajili ya nini. Sasa Mungu amemletea mwana wa Reb Naftali mpaka kwenye meza yake ya pasi. Akaniomba nisome saa moja kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa, na nusu ya faida iwe yangu.

Wewe unajua mimi nilisoma nini. Nilitoroka kwa mwalimu nikiwa na miaka kumi na moja nikaenda kuishi na watu wa magari ya farasi, na baba hakunitaja tena mezani. Katika kitabu kizima cha sheria zetu najua ukurasa mmoja tu, ule wa mwanzo wa sheria za mtu aliyeokota kitu cha mwenzake, kwa sababu baba aliuingiza kichwani mwangu kwa fimbo nilipokuwa na miaka minane. Ilinipasa nimwambie hivyo. Lakini mbele yake mezani palikuwa na simu, na nyuma yake ukutani palikuwa na leseni ya biashara, nami nilikuwa nimetoka kukataliwa mara ya tatu ofisi ya wahamiaji kwa kuwa mdhamini wako lazima awe na nyumba na kazi ya kukupa. Nikamwambia faida siitaki. Nikasema nitasoma, naye amdhamini dada yangu. Alilia. Alidhani ni unyenyekevu.

Kwa hiyo nikaanza. Juu ya kiwanda kuna stoo ya nyuzi, unapanda kwa ngazi ya mbao. Nusu ya stoo ina marobota ya sufu, na nusu ya pili imetengwa kwa ukuta wa mbao, nyuma yake kuna mashine mbovu zilizofunikwa magunia. Waintraub aliniwekea meza na kiti na kitabu alichokinunua kwa mjane mmoja. Kila asubuhi saa kumi na mbili nilikaa pale nikaimba ukurasa wangu mmoja kwa sauti ya baba, nikifika mwisho narudi mwanzo. Nilifunua kurasa nyingine ili kelele ya karatasi isikike chini. Waintraub alikaa chini ya ngazi na kofia yake, amefumba macho. Hajui kusoma zaidi ya sala. Kwake yote ni wimbo mmoja.

Beynish ndiye aliyegundua kwanza. Aliniambia, Getzel, ndugu yangu, mimi siamini, lakini nina masikio, na Mungu akiwepo naye anayo. Utamchosha. Kila akinipita na mafuta ya mashine alikuwa akiniita mheshimiwa rabi wa pasi, akinituma nimwambie Mungu nyuzi nyekundu zimeisha.

Lakini biashara ilikwenda, dada. Sijui niseme nini. Duka kubwa la mjini lililokuwa halitujibu barua likaagiza sweta za shule. Waintraub hakukubali kugusa simu mpaka nishuke ngazi. Mnunuzi akipiga saa moja kasorobo, simu inalia, sote tunaitazama, naye ananyoosha kidole juu kwangu. Nilipougua tumbo siku mbili, nyuzi za rangi ya bluu zilikuja zimetoka kijani, robota zima. Hakunilaumu. Aliziacha mlangoni zikae pale wiki nzima, na kila aliyeingia alizizunguka.

Mwanzoni mwa Novemba nilifika mwisho wa ukurasa wangu nikavuta pumzi ili nirudi mwanzo, na nyuma ya ukuta wa mbao mtu akaendelea.

Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayejisomea mwenyewe. Iliendelea na ukurasa wa pili kwa wimbo ule ule, bila haraka. Pamoja nayo kulikuwa na sauti nyingine ndogo, kama ya kukwangua, kwaruzo moja refu, kimya, kwaruzo moja refu. Nilidhani panya. Nilizunguka ukuta nikainua magunia. Vumbi lilikuwa zima, halina alama ya mguu. Nikiwa nimesimama upande ule, sauti ilitoka upande huu niliotoka. Nikarudi mezani, ikawa nyuma ya ukuta tena.

Utasema ilinipasa nikimbie. Nilikuwa na njaa ya kibali chako, na chini Waintraub alikuwa anasubiri. Nikaweka kidole kwenye ukurasa wa pili nikaifuata, neno kwa neno. Asubuhi iliyofuata ilinirudishia pale nilipokosea. Nilijiambia ni baba. Nilitaka awe baba, kwamba amenisamehe huko aliko na amekuja kumalizia kazi ya fimbo. Kufikia mwisho wa Desemba nilikuwa najua kurasa kumi na moja kwa maana yake. Mimi, Zlata.

Waintraub akamleta rabi wa mahakama yetu ya dini anisikilize. Ni mzee mkali, ana pumu. Aliniuliza maswali matatu nikajibu, akauliza la nne nikajibu. Kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kunyamaza mahali fulani kabla ya jibu, akaugusa mstari kwa ukucha. Nikasema ni baba. Akasema wanafunzi wawili wa baba aliwahi kuwasikia, na hakuna aliyenyamaza pale. Waintraub alikuwa anatabasamu kama bwana harusi, hakusikia.

Bibi Doyle ndiye aliyenifumbua macho, bila kukusudia. Huja alfajiri kusugua sakafu ya kiwanda kabla hajaenda kanisani kwake. Ulimi wake hauwezi jina langu, kwa hiyo huniita Gus. Asubuhi moja ya Januari alinikuta chini ya ngazi akaniambia, Gus, mwanangu, huyo mwanamke wako wa juu ana sauti nzuri, lakini mbona humpi hata siku moja ya kupumzika? Halafu akauliza kama ndiye anayetupikia, maana kila siku anamsikia akimenya viazi.

Nilikaa kwenye ngazi. Nadhani nilikuwa nimelijua siku nyingi. Sauti ya baba ilikuwa nzito na ya kukwaruza kwa tumbaku. Hii haikuwa nzito hata mara moja. Nikaona jiko letu, na ule ukuta wa mbao kati ya jiko na chumba cha baba, na wewe mwenye miaka kumi na miwili umekaa kwenye kigoda na beseni la viazi, midomo inacheza. Mimi nilikuwa upande wa pili na fimbo na kitabu, nakuchungulia lakini sielewi unachofanya. Wewe uliyekatazwa kuingia ulikuwa unayameza yote kupitia nyufa za mbao. Na baba alipofika kwenye ule mstari aliougusa rabi, wewe ulikuwa ukinyamaza, kwa sababu ndipo mama alipopita kuchota maji, nawe hukutaka akuone. Hakuna mtu mwingine duniani anayenyamaza pale.

Wiki chache baadaye ikaja barua yako. Utakuwa umeshangaa kwamba mwanzoni mwa hii sikukuuliza habari za koo. Niliogopa. Uliandika kwamba tangu Novemba, kila siku saa tatu usiku, sauti inakutoka, na hairudi mpaka saa nne. Daktari wa kambi ameangalia koo akaona halina kitu. Wenzako wa chumba wanasema saa hiyo midomo yako inacheza, na mikono yako mapajani inafanya kazi wasiyoiona, na mmoja ameomba ahamishwe kitanda. Wewe uliandika kwa mzaha kwamba labda umechoka kuongea na watu. Nilichukua penseli nikauliza tofauti ya saa posta. Inapokuwa saa tatu usiku kwenu, huku ni saa kumi na mbili ya asubuhi inayofuata. Ndiyo saa ninayokaa mezani.

Dada, nilikuwa nakuita. Sikujua, lakini kila asubuhi nilikuwa nakuita, na ulikuwa unakuja.

Siku hiyo hiyo nilimwendea Waintraub nikamwambia yote. Kwamba mimi sijui kitu, kwamba nilimuuzia ukurasa mmoja kwa wiki tatu, na kwamba kilichofuata ni chako. Nilitazamia anifukuze. Hakunifukuza. Aliniuliza kama uko hai, nikasema uko hai. Akauliza kama ulisoma kweli, nikasema kuliko mimi, pengine kuliko wanafunzi wote wa baba. Akasema basi tangu Novemba amekuwa akila nusu ya kitu ambacho mwenye nacho hakupatana naye, na huo ni wizi, na sweta zote zile zimefumwa kwa wizi. Alitaka kumpigia simu mnunuzi wa mjini palepale amwambie mkataba umevunjika.

Kibali chako kilikuwa kimeshafika, kilikuwa kwenye droo yake. Niliuona muhuri wake. Sasa nakuandikia lile lililonifanya nirarue barua tatu kabla ya hii.

Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia kuna njia. Nilisema mapatano yaandikwe upya, safari hii kwa jina lako, na mimi nitie sahihi kwa niaba yako, kwa kuwa baba amekufa na mume wako amekufa na mimi ndiye mwanamume uliyebaki naye. Aliniuliza kama inaruhusiwa ndugu kumuuzia dada yake nusu ya masomo yake bila kumuuliza. Nikasema huko kwetu ilikuwa kawaida. Nilimtazama machoni nikasema hivyo. Yeye hajasoma, Zlata, na aliamini mwana wa Reb Naftali hawezi kusema uongo juu ya jambo la dini. Tukaandika nakala mbili. Nikatia jina lako kwa mkono wangu, akafungua droo, akanipa kibali.

Hiyo ilikuwa tarehe ishirini Februari. Kesho yake nilipanda ngazi. Ulianza mstari wa kwanza, ukafika katikati, ukanyamaza. Nilisubiri. Kwaruzo pia likakatika, kama kisu kimesimama ndani ya kiazi. Kisha ukaanza mstari wa pili na ukanyamaza katikati tena. Nusu ya kila mstari. Na chini ya sakafu, kutoka ofisini, nikasikia mtu akimalizia.

Nilishuka nikachungulia. Waintraub alikuwa amesimama na futi ya kupimia shingoni, anapima mkono wa sweta, na mdomoni mwake yanatoka maneno asiyoyajua, kwa wimbo wetu, hayana kosa. Alipoyamaliza alinyamaza, na juu ukaanza mstari mwingine. Alikuwa analia kwa furaha. Aliniambia ni kama kuwa na wanawe tena mezani, wote watatu, wakisoma. Beynish alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Hakufanya mzaha. Aliweka kikombe chini akaenda kuwasha mashine zote pamoja, kabla ya saa, ili asisikie.

Tangu siku hiyo Beynish haniiti rabi. Jana aliniambia, wewe Getzel, mimi nimegombana na matajiri tangu nina miaka kumi na minne, na wote walichukua jasho. Huyu hachukui, anapewa. Aliyempa ni nani? Nikainamia pasi yangu.

Kuna jambo baya zaidi. Nusu si nusu tena. Wiki iliyopita ulikuwa unafika katikati. Ijumaa ulinyamaza kabla ya katikati. Leo asubuhi ulisema maneno matatu tu, na yaliyobaki yote yalitoka chini.

Nilikwenda kwa yule rabi mwenye pumu nikamweleza bila kuficha. Hakushangaa hata kidogo, ila alifunga mlango. Alisema mtu hawezi kuuza kisichokuwa chake, na kwa hiyo sahihi yangu ni wino tu. Lakini kitu kilichochukuliwa hakirudi kwa kuwa sheria inasema si halali. Kinarudi mwenye nacho akikidai. Lazima ukatae kwa mdomo wako, useme hapana, na shahidi mmoja lazima asikie. Nikamuuliza kama mimi nafaa kuwa shahidi. Alinitazama akasema sifai, lakini hakuna mwingine.

Nilimwambia na Waintraub. Alijifunika uso. Alisema hakujua, na namwamini. Lakini nilipomwomba ayachane mapatano yeye mwenyewe, mkono ulifika kwenye droo ukarudi. Akasema nisimwombe yeye, nikuombe wewe, kwa sababu yeye hana nguvu hiyo. Ameapa kwamba ukikataa hataondoa udhamini wake. Asubuhi namwamini. Jioni, nikimwona anatembea kati ya mashine akiimba maneno yako, simwamini. Anaweza kuandika barua moja tu kwa serikali, na kibali hiki kitakuwa karatasi ya kufungia samaki.

Basi mambo yako hivyo. Ukinyamaza mpaka upande meli, pengine utafika huku salama, na sijui utafika na sauti kiasi gani. Ukikataa sasa, sauti ni yako yote, na pengine meli itaondoka bila wewe, nami nitabaki hapa peke yangu na wewe huko peke yako. Mimi nataka uje. Sina mtu mwingine, na nimechoka kula nikiutazama ukuta. Kwa hiyo usinisikilize mimi. Nilishachagua mara moja na umeona nilivyochagua.

Ila usingoje kunijibu kwa posta. Posta ni wiki tatu, na maneno yaliyobaki ni matatu. Usiku wa siku utakayopata barua hii, ikifika saa tatu, wakati sauti inapokutoka, usiiachie iende na ukurasa. Ishike. Nitakuwa mezani saa kumi na mbili, kuanzia kesho na kila siku, kitabu kimefungwa, sifuati, siimbi, sikuiti. Neno moja linatosha. Nikilisikia nyuma ya mbao nitashuka ngazi nimwambie Waintraub mbele ya watu wote, na mashine zote zimezimwa, kwamba mwenyewe amekataa. Kisha nitarudi kwenye pasi, kama bado nitakuwa na pasi. Na kama halitakuja neno, nitajua umechagua meli, na nitakungoja bandarini.

Nisalimie yule mama wa Vilna aliyekuazima sufuria, na mwambie aliyeomba kuhama kitanda kwamba hakuna cha kuogopa, kosa ni langu na liko mbali. Bibi Doyle anakusalimu, anadhani unaishi juu ya kiwanda. Beynish naye anakusalimu, ingawa aliniambia nisiandike hivyo. Funika kifua, kunywa kitu cha moto, na nisamehe kadiri utakavyoweza, hata ikiwa si yote.

Mimi ndugu yako mdogo,

Getzel mwana wa Naftali